SOMO LA WIKI: Ndege saa 8, ua saa 49

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa Schiphol, Amsterdam, kuna takriban kilomita 6,670 kwa njia fupi kuliko zote. Maua mengi ya Kenya yaendayo mnada wa Aalsmeer, ulio jirani na Schiphol, hupita njia hiyo. Hata hivyo, mkulima anayepanga biashara yake kwa kutazama umbali huo peke yake hujitafutia hasara.

Hesabu ya kwanza ni ya mwendo. Ndege kubwa ikiwa angani huenda takriban kilomita 900 kwa saa. Kwa kugawanya, safari ingekuwa ya saa 7 na dakika 25. Lakini kwa kawaida huzidi saa 8, kwa kuwa ndege huenda polepole inapopaa na inaposhuka, hufuata njia za anga zilizopangwa, na pengine hukabiliwa na upepo wa mbele.

Hesabu ya pili ni ya majira. Tuseme ndege imeondoka Nairobi Jumatatu saa 5:00 usiku na kuruka kwa saa 8 na dakika 20. Itatua saa 1:20 asubuhi kwa saa za Nairobi. Wakati wa baridi Amsterdam iko nyuma kwa saa 2, hivyo huko itakuwa saa 11:20 alfajiri. Wakati wa kiangazi tofauti ni saa 1 tu, nayo itatua saa 12:20. Anayesahau badiliko hilo humpa mnunuzi ahadi isiyotimia.

Hesabu ya tatu ndiyo yenye fedha. Waridi lililokatwa Naivasha Jumatatu saa 1:00 asubuhi hupozwa, hufungwa, husafirishwa kwa lori hadi uwanjani na kukaguliwa. Likitua Jumanne alfajiri, kupakuliwa na kupangwa huchukua muda, hivyo linauzwa mnadani Jumatano saa 12:00 asubuhi. Wakati wa baridi, hiyo ni saa 2:00 Nairobi. Jumla ni saa 49, na ndege imetumia takriban sehemu moja tu ya sita.

Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, umbali haukuongezeka hata kilomita moja. Hata hivyo, maua mengi yalitupwa Kenya kwa kukosa ndege.

Mkulima hawezi kuiharakisha ndege. Anachoweza ni kupunguza saa za shambani, barabarani na ghalani, na kuhakikisha ubaridi haukatiki popote. Ua lililosubiri juani saa 2 kabla ya kupakiwa hufika Aalsmeer siku ile ile na wenzake, lakini mnunuzi hulitambua, na bei yake hushuka.