FASILI NA KITENDO: UANDISHI WA MAELEZO YA ZANA ZA API KWA MAWAKALA WA AKILI UNDE

Utangulizi

Aghalabu tunapofunzwa kuandika fasili, huchukuliwa kwamba msomaji wake ni binadamu. Makala haya yanamshughulikia msomaji wa aina nyingine: wakala wa akili unde, yaani programu ya tarakilishi inayotumia modeli ya lugha kuamua hatua za kuchukua ili kutekeleza agizo. Wakala hufikia mifumo mingine kupitia API, ambayo ni mlango wa programu moja kuomba huduma kwa programu nyingine. Njia hii ilipata nguvu Juni 2023, OpenAI ilipowawezesha waundaji wa programu kuieleza modeli kazi inazoweza kuziita, na tena Novemba 2024, Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP.

Kila zana huwasilishwa kwa modeli kwa mambo matatu: jina, maelezo katika lugha ya kawaida, na parameta, yaani taarifa ambazo zana inazihitaji ili ifanye kazi. Kwa kawaida modeli haioni msimbo ulio nyuma ya zana. Huona maneno tu. Maneno yakipotosha, kitendo nacho hupotoka. Hoja yetu ni kwamba uandishi huu ni kazi ya kileksikografia kabla ya kuwa kazi ya kiufundi.

Utata wa Kileksika

Tuchukulie kwamba mwanafunzi anaiundia maktaba wakala, kisha anaandika zana ifuatayo:

Jina: azima_kitabu
Maelezo: Huazima kitabu.

Kitenzi azima kina maana mbili zinazokinzana: kumpa mtu kitu kwa muda, na kuchukua kitu cha mtu kwa muda. Katika mazungumzo, muktadha hutuondolea utata huo. Wakala asiyepewa muktadha anaweza kukiandika kitabu kilicholetwa kutoka maktaba jirani kana kwamba kimetoka kwenye rafu zetu.

Hali kadhalika nomino kodi. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na mfanyabiashara huilipa serikali kodi. Mwenye duka akimwambia wakala, "Nilipie kodi ya mwezi huu," zana iitwayo lipa_kodi inaweza kupeleka pesa serikalini ilhali mwenye nyumba angali anasubiri. Hapa kosa la fasili limegeuka hasara. Suluhisho ni kuwa na zana mbili, lipa_kodi_ya_nyumba na lipa_ushuru_wa_serikali, kila moja ikitaja pia isichokifanya.

Wakati nao una mitego yake. Saa mbili asubuhi kwetu ni 08:00, lakini parameta iliyoelezwa kwa neno "saa" pekee inaweza kujazwa 02:00. Tarehe 03/04/2025 ni Aprili 3 kwa msomaji wa Kenya na Machi 4 kwa msomaji wa Marekani. Kwa hivyo inafaa mpangilio utajwe waziwazi: saa 24 zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, na tarehe kwa mfumo wa ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, kisha siku.

Kanuni za Grice

Kanuni za ushirikiano za Grice (1975) zinatufaa hapa. Kanuni ya kiasi inadai maelezo yatosheleze bila kurefushwa, kwani kila neno huchukua nafasi katika matini ambayo modeli inasoma. Kanuni ya ukweli inadai tueleze zana inavyofanya kazi hasa, pamoja na kinachotokea inaposhindwa. Kanuni ya uhusiano inadai tuseme itumike lini na isitumike lini. Kanuni ya namna inadai tuepuke utata. Tukizifuata, zana yetu itasomeka hivi:

Jina: sajili_kitabu_kwa_msomaji
Maelezo: Husajili kitabu ambacho maktaba yetu inampa msomaji kwa muda. Isitumike kwa vitabu tunavyochukua kutoka maktaba nyingine. Kwa hivyo, tumia sajili_kitabu_cha_nje. Ikiwa kitabu kimekwisha kuchukuliwa, zana hurudisha ujumbe wa kosa na haibadilishi rekodi.
Parameta: nambari_ya_msomaji (iliyo kwenye kadi ya maktaba, si nambari ya usajili chuoni); tarehe_ya_kurudisha (mfano: 2025-04-03).

Huenda msomaji akauliza: je, modeli haiwezi kuomba ufafanuzi? Inaweza, lakini sharti kwanza itambue kwamba kuna utata. Hatari kubwa ni pale inapoishika maana moja bila shaka yoyote na kuendelea. Aidha, maelezo mazuri hayaondoi haja ya kinga nyingine. Zana inayohamisha pesa au kufuta rekodi yapasa ingoje idhini ya mtu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba polisemia, ambayo darasani ni mada ya mtihani, huweza kuwa chanzo cha malipo yaliyokwenda kusikotakiwa. Ujuzi wa kuitambua tunao tayari. Ni jukumu letu kuwapelekea waundaji wa programu ujuzi huo badala ya kungoja waje kuuomba.

Zoezi

1. Eleza maana mbili za kitenzi panga zinazoweza kumpotosha wakala anayetafutia watu nyumba.
2. Andika maelezo ya zana mbili zitakazotenganisha maana hizo. Mpe mwenzako ayasome bila kumfafanulia lolote, kisha akuambie ni zana gani angeichagua kwa agizo "Nipangie nyumba."