Kubadilisha Ramani ya Ploti Saboti: Maswali Yanayoulizwa Sana

Mashamba ya Saboti, Trans Nzoia, yanazidi kukatwa vipande. Kuanzia Matisi na Tuwani, zilizoshikana na mji wa Kitale, hadi Kinyoro na Machewa, ekari zilizokuwa za mahindi zinageuzwa ploti za nyumba. Mara nyingi ramani ya kwanza haipiti: afisa wa mipango ya ardhi anairudisha, au wenye shamba wanaamua kugawanya upya. Kumbuka neno moja: ramani ni rahisi kubadilisha ikiwa bado karatasi. Ikishasajiliwa na ploti kuuzwa, uamuzi si wako peke yako tena.

Kwa nini ramani yangu imerudishwa?

Sababu ya kawaida ni barabara. Wengi huamini kwamba ekari moja hutoa ploti nane za futi hamsini kwa mia. Piga hesabu. Ekari ina futi mraba 43,560, na ploti nane humeza 40,000. Ukizipanga safu mbili za ploti nne nne, katikati unabaki ukanda wa futi 17.8, yaani mita 5.4 hivi. Upana huo haufiki hata mita 6, ilhali barabara ya mtaa wa makazi mara nyingi hutakiwa iwe mita 9. Ukiacha mita 9, urefu wa kila ploti unashuka kutoka futi 100 hadi takriban 94. Kwa hiyo chagua: punguza idadi ya ploti, au punguza ukubwa wake na uwaambie wanunuzi vipimo vya kweli.

Sababu nyingine ni ploti isiyo na njia ya kuingilia, au ploti iliyochorwa hadi ukingoni mwa mto. Mito na vijito vinavyotoka Mlima Elgon vina hifadhi ya kingo, na huwezi kuihesabu kama sehemu ya kujenga.

Nani anachora upya?

Mpangaji ardhi aliyesajiliwa ndiye anayechora mpango. Seveya mwenye leseni hupima na kuandaa fomu ya mutesheni, yaani ya kugawanya shamba. Mwenye hati ndiye anayeomba. Ikiwa ni ardhi ya ndoa, ridhaa ya mume au mke inahitajika. Kama jina kwenye hati ni la marehemu, anzeni mahakamani: bila warithi kuthibitishwa kisheria, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kugawanya shamba hilo, hata akiwa mwana wa kwanza.

Hatua zinafuatanaje?

1. Omba barua inayoeleza kasoro. Usitegemee maneno ya mlangoni.
2. Keti na mpangaji wako pamoja na afisa wa mipango wa kaunti, Kitale, mkubaliane marekebisho kabla ya kuchora tena.
3. Wasilisha ramani mpya pamoja na nakala ya hati, matokeo ya sachi ya hivi karibuni na uthibitisho wa kulipa ada na kodi zinazodaiwa. Idara nyingine, kama za barabara, afya ya umma na mazingira, hutoa maoni.
4. Ukipata kibali, ambacho wengi bado hukiita PPA2, ndipo seveya apeleke mutesheni isajiliwe, ramani ya masijala irekebishwe na hati mpya zitolewe.

Usipande bikoni wala kuchukua malipo ya ploti kabla ya hatua ya nne. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inakataza uendelezaji bila kibali: faini inaweza kufika shilingi 500,000, kifungo miezi miwili, au vyote viwili.

Shamba langu bado ni la kilimo. Itakuwaje?

Kuna mambo mawili. Kwanza, kibali cha kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi makazi, ambapo umma hujulishwa ili mwenye pingamizi aseme. Pili, ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ile inayoitwa lendi bodi. Ombi la ridhaa hutakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Ukichelewa, mauzo yanaweza kuwa batili hata kama pesa zimeshalipwa.

Nikinyamaziwa au kukataliwa?

Sheria inasema ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Hata hivyo, usikimbilie kupima kwa sababu hiyo tu. Andika barua, taja tarehe uliyowasilisha ombi, udai jibu, maana ofisi zinazofuata zitakuuliza karatasi. Ukikataliwa, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza malalamiko ya mipango ya ardhi. Usiporidhika, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na kama ploti zimeshapata hati?

Hapo huwezi kufuta mstari kwenye ramani. Kupanua barabara au kusogeza mpaka kutahitaji wenye vipande vyote vinavyoguswa wakubaliane, viunganishwe na kugawanywa upya kwa utaratibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Mmoja akikataa, mpango unakwama.

Tuna hisa tu katika shamba la kampuni au ushirika.

Trans Nzoia ina mashamba mengi ya namna hiyo, yaliyonunuliwa kwa pamoja baada ya uhuru. Cheti cha hisa si hati ya ardhi. Anayeomba kibali ni mwenye hati mama, yaani kampuni au ushirika wenyewe. Kabla ya kununua kipande, fanya sachi ya hati mama katika masijala ya Kitale, omba kuona ramani iliyopigwa muhuri, kisha tembea shambani na seveya wako mwenyewe mhakikishe barabara iliyo kwenye karatasi ipo ardhini.