Jinsi Ugonjwa wa Ndui Ulivyotokomezwa

Zamani ndui ilikuwa ugonjwa wa kuogofya. Kati ya wagonjwa 10, yapata 3 walikufa. Wengi waliopona walibaki na makovu usoni, na baadhi yao walipofuka.

Huko Uingereza, daktari Edward Jenner alisikia kuwa watu waliokama ng'ombe na kuambukizwa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi, hawakupatwa na ndui. Mwaka 1796 alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe, akautia mkononi mwa James Phipps, mvulana wa miaka 8. Majuma machache baadaye alimtia usaha wa ndui yenyewe. Mvulana hakuugua. Jaribio hilo lilikuwa la hatari. Siku hizi haliruhusiwi.

Kwa nini hakuugua? Virusi vya magonjwa hayo mawili hufanana. Mwili uliokwisha kupigana na virusi dhaifu hupata kinga dhidi ya vile vikali. Hiyo ndiyo kazi ya chanjo.

Mwezi Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliugua ndui. Alikuwa ameogopa maumivu ya kuchanjwa. Watu waliokutana naye walitafutwa, wakachanjwa. Maalin alipona, na ugonjwa haukuenea tena. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imetokomezwa. Baadaye Maalin aliwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao kuchanjwa polio.

Maswali
1. Jenner alisikia jambo gani kuhusu waliokama ng'ombe?
2. Chanjo huukingaje mwili?
3. Kwa nini waliokutana na Maalin walichanjwa?