Hati ya Marehemu na Kishoka wa "Mfumo"

SWALI: Baba alifariki mwaka juzi, akatuachia nyumba hapa Ubungo. Hati bado ina jina lake. Kaka amepata mtu anayedai hati za zamani zinafutwa, tumpe hati halisi na laki nane aiingize kwenye mfumo kwa jina la kaka. Mama anasita. Tufanyeje?

JIBU: Binti yangu, poleni na msiba. Mama yenu yuko sahihi. Hati isitoke kabatini.

Ni kweli Wizara ya Ardhi inahamishia kumbukumbu kwenye mfumo wa kielektroniki, na Dar es Salaam ilitangulia. Lakini kompyuta haifuti hati iliyotolewa kihalali, wala haigawi urithi. Baba akiwa mmiliki kwenye jalada, ndiye mmiliki kwenye skrini, mpaka Msajili wa Hati apelekewe nyaraka za mirathi.

Basi anzeni na mirathi. Kaeni kikao cha ukoo mpendekeze msimamizi (hata mama anafaa, si lazima awe kaka), kisha mpeleke muhtasari na cheti cha kifo mahakamani. Akiteuliwa, kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kinampa haki ya kuandikishwa mahali pa marehemu. Ataandikishwa kama msimamizi tu. Haki ya mama na ya watoto wote iko palepale.

Ombeni pia upekuzi rasmi, msome majibu herufi kwa herufi. Hati ikisema "Saidi" na cheti cha kifo "Said", mtaambiwa mlete kiapo kwamba ni mtu yuleyule, na ni nafuu kulijua hilo sasa. Linganisheni namba ya kiwanja na kitalu na ile ramani iliyoambatanishwa na hati, halafu ingieni uani mtafute bikoni. Nyingi zimefukiwa na kifusi, na kuta za majirani zina tabia ya kuzipanda.

Kama kaka ameshatoa hati au kusaini chochote, msingoje kikao: wekeni zuio kwa Msajili leo, chini ya kifungu cha 78. Kaka msimgombeze sana. Vishoka hawa wanajua kuongea.

Akirudi huyo bwana, mwambieni alete namba ya malipo ya serikali. Sidhani kama mtamwona tena.