Sarafu ya Babu: Isome Kabla Hujaiuza

Familia nyingi za Tanzania zina kikopo cha sarafu ambazo hazinunui tena kitu dukani. Mara nyingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au kwa mpita njia anayeulizia "rupia za Mjerumani". Kabla hujaachia yako, tazama mambo matatu: jina la mtawala, mwaka na madini yake.

Sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene na mwaka 1780 ni reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Unguja na pwani nzima katika karne ya 19. Mwaka huo usikudanganye. Malkia huyo alifariki mwaka huo wa 1780, na sarafu yake imeendelea kugongwa kwa mwaka uleule hadi zama zetu.

Za Wajerumani zina maelezo marefu zaidi. Kampuni yao ilianza kutoa rupia na pesa mwaka 1890, rupia moja ikiwa pesa 64. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ikachukua kazi hiyo na kuigawa rupia kwa heller 100. Hapo tafuta herufi ndogo inayoonyesha mahali ilipogongwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Uingereza ziliziba njia ya bahari, sarafu zikaadimika, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Zikatoka heller 5 na 20 za shaba, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Ile heller 20 ilifanywa kwa haraka, ndiyo maana chapa yake mara nyingi imefifia au imekaa upande. Kwangu mimi hiyo ndiyo sarafu inayostahili kutunzwa kuliko zote, maana iligongwa hapa hapa nchini.

Baada ya vita ilikuja Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao London, na shilingi yake ya simba kuanzia 1921. Shilingi za hadi 1946 zina robo ya fedha halisi. Za kuanzia 1948 hazina kabisa. Senti 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, hivyo hazikuwa na nafasi ya sura ya mfalme, ila jina lake tu. Ukikuta ya 1936 yenye jina la Edward VIII, jua kwamba mfalme huyo alijiuzulu Desemba ya mwaka huohuo.

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango Juni 14, 1966, na sarafu zetu za kwanza zikatoka na sura ya Mwalimu Nyerere: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, thumuni ya sungura na shilingi ya mwenge. Zimebaki nyingi, kwa hiyo bei yake ni ndogo.

Usisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala limau. Wakusanyaji hupunguza bei ya iliyosuguliwa, na ule weusi wake hauna ubaya. Ishike kwenye kingo, ihifadhi katika bahasha kavu ya karatasi. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi na sumaku, kwa hiyo "rupia" inayonasa kwenye sumaku ni bandia. Wanaodai kwamba rupia ina nguvu za ajabu, kisha wakadai kwanza pesa ya vipimo, ni matapeli. Usiwape hata senti.

Ukikuta yenye T, andika ilikotoka na ilikuwa ya nani, kisha ipeleke ionwe Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kabla hujakubaliana bei na mtu yeyote.