Hopsi Matongo? Anza na Ulezi

Ukisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya bia, utakuta vitu vichache tu: maji, shayiri, pengine mahindi au mtama, na hopsi. Maji tunayo, mtama tunaulima. Kinachobaki kigeni ni hopsi, na mtu wa hapa Matongo, mkoani Mara, anayependa kujipikia pombe nyumbani hakosi kujiuliza kama hawezi kupanda mashina mawili matatu nyuma ya nyumba. Nitalijibu swali hilo kwanza, kisha nikuonyeshe zao ambalo kwa maoni yangu linastahili zaidi jasho lako.

Hopsi ni mmea unaotambaa kwenda juu kwa kujizungusha kwenye kamba, na kwa msimu mmoja unaweza kufika mita 5 au 6. Kuna shina la kiume na la kike. Wapishi wa bia hutafuta la kike, maana ndilo linalotoa maua yaliyojikunja kama koni ndogo za kijani. Ndani ya koni hizo kuna unga wa manjano unaonata. Huo ndio unaoipa bia uchungu na harufu yake, na pia huwazuia baadhi ya bakteria wasiiharibu bia inapokaa muda mrefu.

Je, itaota kwetu? Kuota inaweza, kuzaa ndiyo kazi. Tatizo ni mwanga. Matongo iko kusini kidogo tu ya ikweta. Mwaka mzima, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki dakika 15. Hopsi imezoea nchi kama Ujerumani, Ucheki, Uingereza na kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako wakati wa kiangazi mwanga wa jua hudumu saa 15 au 16. Mwanga huo mrefu huuambia mmea urefuke kwanza, na mchana unapoanza kufupika ndipo unapochanua. Hapa kwetu mmea hupata saa 12 tangu siku unapochipua. Huchanua ungali mfupi, na koni zake huwa chache. Hata Afrika Kusini, katika mashamba ya eneo la George, wakulima walilazimika kuwasha taa usiku ili kuurefusha mchana, mpaka watafiti walipozalisha aina zinazostahimili mchana mfupi zaidi, kama Southern Promise na Southern Star. Na George iko digrii 34 kusini mwa ikweta, wakati sisi hatufiki hata digrii 2.

Ukitaka kujaribu hata hivyo, kwa udadisi tu, inawezekana kwa mashina machache. Chukua taa nne za wati 50 kila moja, uziwashe saa nne kila jioni baada ya jua kuzama. Hizo ni uniti 24 za umeme kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, kisha kwa miezi kadhaa ya ukuaji. Angalia pia matumizi ya nyumba nzima yasivuke uniti 75 kwa mwezi, maana hapo utatolewa kwenye kundi la watumiaji wadogo na kila uniti itapanda bei. Na vipande vya mizizi vya kupanda havivushwi kimya kimya ndani ya begi pale mpakani Sirari. Kuingiza mmea hai nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Sheria hiyo inalinda migomba, mihogo na mahindi ya jirani zako dhidi ya magonjwa mageni. Na ukishapanda, usitegemee mavuno kamili kabla ya mwaka wa pili au wa tatu.

Sasa jiulize: pombe unayoipika inahitaji hopsi kweli? Bia ya kiwandani hukaa ghalani na dukani kwa miezi, kwa hiyo inahitaji kitu cha kuilinda. Pombe ya nyumbani huku Mara huiva na kunywewa ndani ya siku chache. Watu wengine wa ukanda huu wanaopenda uchungu hutumia mimea yao wenyewe: Wachaga hutia magome ya msesewe kwenye mbege, na Waethiopia hutia majani ya gesho kwenye tella. Wao wameyajua magome na majani hayo kwa vizazi vingi. Wewe usitie kwenye chungu gome usilolijua, maana miti mingi yenye uchungu ni dawa kali, na mingine ni sumu.

Kinachoamua ubora wa pombe ya kwetu ni kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa, ikasagwa. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya, vitu vidogo vinavyokata wanga kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo hamira inayoila na kuigeuza kilevi. Kimea kikiwa dhaifu, pombe inakuwa maji machungu hata ukitia unga kiasi gani. Na kati ya nafaka zetu, ulezi, ambao jirani zetu wa Kenya wanauita wimbi, hutoa kimea kizuri sana. Kwa hiyo lile eneo ulilokuwa umelitengea hopsi, lipe ulezi.

Tuseme una kipande cha mita 10 kwa 10. Utahitaji gramu 60 hivi za mbegu, ambazo ni kama vijiko vitano vya mezani. Ekari nzima huchukua kilo 2 hadi 3. Unaona kwamba mbegu si gharama kubwa. Gharama ni palizi. Unaweza kutumia ulezi wa nyumbani uliochaguliwa masuke mazuri, au ukatafuta aina zilizoboreshwa. U15 na P224 ziliidhinishwa nchini mwaka 2012, na U15 ndiyo inayowahi kukomaa kati ya hizo mbili. Muulize afisa ugani wa kata, ambaye ushauri wake haulipiwi, au duka la pembejeo Tarime mjini au Mugumu kwa walio upande wa Serengeti. Wakikosa, waombe wakuulizie kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru, Mwanza. Mfuko uwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu.

Hapa sikiliza vizuri. Mbegu ya dukani ikiwa na rangi nyekundu, kijani au buluu, imepakwa dawa ya kuua wadudu au ukungu. Ni ya kupanda tu. Usiiloweke kwa ajili ya kimea, usiisage uji, usiwape kuku, wala kuiosha hakuiondolei sumu.

Panda mvua za masika zinapoanza, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Machi, udongo ukiwa umelainishwa vizuri. Ulezi ni mbegu ndogo sana, ukiifukia chini haitoki. Chora mifereji ya sentimita 2 au 3 tu, ikiachana sentimita 30. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu, nyunyizia mferejini, kisha funika kwa udongo mwepesi. Samadi iliyooza inatosha kwa eneo dogo. Ukitaka mbolea ya dukani, jiandikishe kwa mtendaji wa kijiji kwenye mpango wa ruzuku ulioanza msimu wa 2022/2023, ili uinunue kwa bei iliyopunguzwa.

Mstari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kuna magugu yanayofanana sana na ulezi mchanga, na ukirusha mbegu ovyo utapalilia zao na kuacha gugu. Ukipanda kwa mstari, chochote kinachoota nje ya mstari si chako. Wiki ya pili au ya tatu palilia, na papo hapo punguza miche ibaki sentimita 10 kati ya mmoja na mwingine. Rudia palizi ya pili baada ya wiki mbili tatu. Ukiona mmea mfupi wenye maua ya waridi au zambarau karibu na mizizi ya mazao, hicho ni kiduha, kinyonyaji kinachoharibu sana mtama na mahindi huku kanda ya ziwa. King'oe kabla hakijatoa mbegu, na msimu ujao weka hapo maharage, karanga au mihogo. Anayependa mtama kuliko ulezi na ana shamba lenye kiduha, aulizie aina za Wahi na Hakika, zilizozalishwa kukivumilia.

Baada ya miezi mitatu hadi minne masuke yatageuka kahawia. Kata kwa kisu, anika juu ya turubai na si juu ya ardhi tupu, pura, pepeta. Eneo lako la mita 10 kwa 10 likitunzwa linaweza kukupa kilo 10 hadi 15. Ukikauka vizuri, ulezi hukaa miaka bila kubunguliwa.

Kabla ya kutengeneza kimea, pima uhai wa nafaka. Hesabu punje 100, ziweke kwenye kitambaa chenye maji maji, uzifunike siku tatu. Zikichipua chini ya 85, tafuta nafaka nyingine. Zikipita hapo, chagua mawe na punje zilizovunjika, osha, na loweka usiku mzima, ukibadilisha maji mara moja au mbili. Mwaga maji yote, kisha tandaza nafaka kwenye gunia safi la katani, unene wa vidole viwili, ufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, na ugeuze kwa mikono ili joto lisijikusanye katikati. Siku ya pili utaona kila punje imetoa ncha nyeupe. Siku ya tatu hivi vimizizi vinashikana na nafaka inanyanyuka vipande vipande, ikinuka majani mabichi. Hapo simamisha. Ukiiacha ikageuka kijani, mche utakuwa umekula sukari uliyokuwa unaitafuta.

Anika juani siku mbili au tatu mpaka punje ivunjike kwa jino, sugua vimizizi vitoke, kisha saga. Anayetumia mtama asiruke hatua ya kusugua na kupepeta, kwa sababu chipukizi za mtama zina kiini cha sumu ya sianidi. Ulezi hauna shida hiyo. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa manjano, tupa yote. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha.

Maji nayo yanataka uangalifu wa pekee tunapoishi karibu na migodi. Mwaka 2009 watu wa huku walishuhudia Mto Tigithe ukichafuliwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki wala madini mengine mazito. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au kisima kilichopimwa. Kama hujui kimepimwa lini, nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya uulize. Na usinunue pipa la plastiki lililobeba kemikali za kuchenjulia dhahabu, hata likiwa rahisi namna gani na hata muuzaji akiapa ameliosha kwa sabuni. Nunua ndoo mpya yenye mfuniko, ya kubebea chakula, au tumia chungu.

Mwisho, sheria. Kuuza pombe, hata ya kienyeji, kunahitaji leseni ya vileo chini ya Sheria ya Vileo ya 1968, na leseni hiyo huanzia ofisi ya mtendaji wa kata, ambaye atakueleza ada ya halmashauri yako, eneo linalokubalika na saa za kuuza. Kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake ili kupata gongo kumekatazwa na Sheria ya Moshi ya 1966. Na kabla hujawaalika watu, mwambie balozi wako au mwenyekiti wa kitongoji unachofanya.