Somo kwa Mama: Bulo za Nyuma za Kinga

Huku Kasongo na Kabambare mama wengi wanafika kituo cha afya juu ya kinga. Bwana, ndugu au mwenye kinga ya kulipwa anaendesha. Mama anakaa nyuma juu ya portibagaji, pengine na mimba, pengine na mtoto mgongoni. Basi leo tusome juu ya bulo zinazomshika mama huyo.

Kwa nini zinalegea?

Njia zetu zina mawe, mizizi na mashimo. Kila mtikiso unageuza ekuru kidogo kidogo, nayo inalegea bila mtu kuona. Uzito ukiwa nyuma, bulo za nyuma ndizo zinazoteseka. Hata kinga za umeme za milimani, zenye chemchemi nyuma, ni lazima bulo zake zikaguliwe mara kwa mara. Sembuse kinga yetu, inayobeba mafuta ya ngazi leo na mama kesho!

Angalieni mahali patatu

1. Ekuru mbili za gurudumu la nyuma, moja kila upande. Inua kinga nyuma, sukuma gurudumu kushoto na kulia. Likichezacheza, msipande.

2. Miguu ya portibagaji, chini karibu na gurudumu. Kamata portibagaji kwa mikono miwili, tikisa kwa nguvu. Ikilia au ikisogea, bulo imelegea.

3. Bulo ya juu, karibu na kiti cha mwendeshaji. Kama imefungwa kwa kamba au waya tu, hiyo si bulo.

Fundi akisha kukaza, apake mstari mdogo wa rangi juu ya ekuru hata kwenye chuma cha pembeni. Siku mstari ukikatika, mnajua ekuru imegeuka. Hata mama asiyesoma anaweza kuona hivyo. Bulo mpya ikazwe tena baada ya siku chache.

Mama, usione haya. Sema kwa upole: «Baba, tuangalie nyuma kwanza.» Kukaza ekuru ni dakika chache. Kuanguka na mimba ni jambo lingine.

Miguu ya mtoto

Mtoto akikaa nyuma, mguu wake unaweza kuingia kati ya rayo za gurudumu na kuvunjika. Afungwe mgongoni mwa mama, au gurudumu lifunikwe pande mbili.

Mkianguka

Mama mwenye mimba akianguka, aende kupimwa siku ile ile, hata kama hana kidonda. Akitoka damu au maji, akiumwa tumbo, au mtoto asipocheza, msingoje: apelekwe hospitali mara moja.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi. Msitie majivu wala udongo. Mwulizeni muuguzi juu ya sindano ya pepopunda, yaani tetanosi. Mguu uliovimba au kupinda usivutwe. Ufungwe juu ya kijiti ulivyo, mgonjwa aletwe.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Ni mahali gani patatu pa kuangalia?
2. Mstari wa rangi unatuonyesha nini?
3. Nani kijijini kwenu ana ufunguo wa kukaza ekuru? Je, mama akishikwa na uchungu usiku, unapatikana?